Daftari la Masanduku

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ina daftari: la shule, mistari ya buluu,
jalada limetafunwa na panya pembeni.
Imepotea na habari zake zote.

Mwaka tuliomzaa Reshmu: masanduku mia tisa na kumi.
Mwaka alioanza shule: mia saba, na ukoga mweusi majanini.
Mwaka alioolewa: mia tatu na manne,
hayo manne yakaliwa na wapiga tarumbeta.
Mwaka aliofariki baba yake sikuandika kitu.
Mstari mtupu nao ni mavuno.
Mwaka jana: mia moja arobaini na moja.

Theluji imehama Kullu. Haikuaga.
Zamani ilikaa juu ya paa letu hadi Machi,
mgeni ambaye hakuna aliyethubutu kumpa jembe.
Na mtufaha ni mtoto mgumu wa kulala:
unataka saa elfu za baridi, kamili,
ndipo uamke na akili zake.
Sasa unasinzia, unashtuka, unasinzia;
tawi hili lachanua Machi, lile Aprili,
kama nyumba ambamo kila mtu ana saa yake ukutani.

Reshmu aliolewa ng'ambo ya mlima, Lahaul,
kwenye viazi na njegere na upepo.
Alipopanda miche, wifi zake walicheka
hadi wakashika mbavu.
Septemba akapiga simu: "Mama, masanduku matatu!"
Nikayaandika pembezoni, kwa penseli,
maana si yangu.
Nilifurahi, kweli.
Kisha nikakaa jikoni, sufuria ikiungua,
nikajua theluji ilikokwenda.

Akaja afisa wa kilimo, Vipasha,
mdogo kuliko mwanangu, buti mpya, tope jipya.
Akapita matuta yote akihesabu kwa midomo.
"Mama, miti mia mbili, ukoo mmoja.
Hii ni harusi isiyo na bwana harusi."
Nilicheka, na sauti ikanishangaza.
Baba mkwe alipanda nyekundu tupu;
Delhi walitaka nyekundu,
ya manjano akaing'oa kama magugu.

Basi Aprili nikaomba kwa Lotam matawi yenye maua,
ya manjano yale yale,
nikayatia kwenye chupa za maji,
nikazitundika mtini, moja, thelathini, sitini.
Majirani wakadhani nimeingia dini mpya.
Nikakodi mizinga minne kwa mtu wa Punjab
anayesafiri usiku, nyuki zake wakinguruma
kuliko lori lenyewe.
Siku mbili ikanyesha.
Nyuki hawatoki mvuani; kodi hutoka.
Ya tatu likawaka jua,
nikasimama katikati ya ule mvumo, sijafunga kichwa,
nikiwaambia: huku, huku, na huu wa kisimani msiusahau.

Mwaka huu: mia mbili na kumi na mawili.
Vipasha alitaka nishangilie. Nikampa chai.
Matuta mawili ya chini nimeyaachia makomamanga,
yasiyouliza habari za theluji.
Wavu wa kukinga mvua ya mawe
nusu ni ruzuku, nusu ni bangili zangu.
Udongo umepelekwa kupimwa; majibu, wanasema, yanakuja.

Januari nilipanda ngazi kwenye mti wa kisimani,
nikakata vikonyo vinene kama penseli, ishirini,
nikavifunga kwa gunia bichi.
Reshmu atavipandikiza kwenye mashina mafupi,
yale yanayozaa mapema na kuegemea waya.
Mti uufuate usingizi wake ulikohamia.

Kituoni dereva wa basi la handaki
akaupima mzigo kwa mkono mmoja.
"Kuni?"
"Kuni," nikasema.
"Lakini usiziache zikauke."